Michigan, 1974: Fasili Mpya ya Ubakaji katika Sheria ya Jinai

Hadi kufikia miaka ya 1970, majimbo mengi ya Marekani yalikuwa bado yanatumia fasili ya ubakaji iliyorithiwa kutoka sheria ya mapokeo ya Uingereza, yaani ile sheria isiyotungwa na bunge bali iliyojengwa na hukumu za majaji kizazi hadi kizazi: kumwingilia mwanamke ambaye si mke wa mshtakiwa, kwa nguvu na pasipo ridhaa yake. Kinga hiyo ya mume ilitokana na maandishi ya jaji Matthew Hale, yaliyochapishwa mwaka 1736, miaka 60 baada ya kifo chake, ambamo alidai kwamba mke, kwa kule kufunga ndoa tu, amekwisha kujitoa kwa mumewe na hawezi kuibatilisha ridhaa hiyo. Dai zito kiasi hicho hakuliegemeza juu ya hukumu hata moja. Lilisafiri mbali, kwani alama yake ingali ikionekana katika sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana, ambayo, inapozungumzia ukosefu wa ridhaa, kwa upande wa wake humtaja yule aliyetengana na mumewe peke yake.

Maneno "kwa nguvu" nayo yalizaa sharti la upinzani, yaani mlalamikaji kuthibitisha kwamba alipambana kwa uwezo wake wote. Mwaka 1906 Mahakama ya Juu ya Wisconsin ilitengua hatia ya mwanamume aliyeshtakiwa kumbaka msichana wa miaka 16, ingawa msichana alieleza kwamba alijaribu kujinasua na kupiga kelele, kwa sababu majaji waliona upinzani huo hautoshi. Kwa hakika aliyekuwa akipimwa hapo alikuwa msichana mwenyewe, wala si mshtakiwa.

Wanawake wa Michigan walioungana mwaka 1973 kudai mageuzi walitambua kwamba kuongeza adhabu pekee kusingefaa kitu iwapo fasili ingebaki ileile. Sheria waliyoipigania, iliyopitishwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka uliofuata, iliacha kabisa kulitumia neno "ubakaji" kama jina la kosa, ikaweka mahali pake "mwenendo wa kingono wa jinai" wenye ngazi nne, na ikatanguliza kifungu cha fasili ambacho ndicho moyo wa mageuzi yote. Kuingilia kingono kulifasiliwa kuwa ni pamoja na kujamiiana kwa kawaida, kwa mdomo au kwa njia ya haja kubwa, na kuingiza kiungo chochote cha mwili au kitu chochote katika sehemu za siri au za haja kubwa za mtu mwingine, hata kwa kiasi kidogo mno, bila kuhitaji ushahidi wa manii. Hivyo mwanamume pia akaweza kutambuliwa na sheria kuwa mwathirika. Kugusa kingono, yaani kushika kwa makusudi sehemu za siri au hata nguo zinazozifunika, kukawa kosa la peke yake. Katika maana ya "madhara kwa mtu" yaliingizwa pia ujauzito, maradhi na mateso ya akili, jambo ambalo majaji wa zamani wasingelifikiria, na kifungu kingine kikasema waziwazi kwamba mwathirika halazimiki kuonyesha kuwa alipinga.

Hata hivyo wabunge hawakuthubutu kuigusa ndoa ipasavyo: mume aliyeishi na mkewe aliendelea kukingwa hadi mwaka 1988, ilhali Nebraska ilikuwa imeiondoa kinga hiyo tangu mwaka 1976, na North Carolina ikawa ya mwisho kuondoa kinga kamili mwaka 1993. Pengo jingine lilikuwa la makusudi. Ridhaa haikufasiliwa popote katika sheria ya Michigan, kwa kuwa waandishi wake walitaka mahakama ichunguze nguvu na shuruti aliyoitumia mshtakiwa badala ya kupekua nia ya mlalamikaji. Lakini mawakili wa utetezi waliendelea kudai kwamba palikuwa na ridhaa, majaji wakakubali kuisikiliza hoja hiyo, na maana ya neno ambalo sheria ililinyamazia ikabaki kuamuliwa na baraza la wazee wa mahakama katika kila kesi.