Rahisi kwa Nani? Ramani, Simu na Mzigo wa Ugumu Tarime na Serengeti

Mama anayeuliza sokoni Mugumu, wilayani Serengeti, kama kuna khanga rahisi hataki kufundishwa namna ya kujifunga. Anauliza bei. Kiswahili kimeweka katika neno hilo moja mambo mawili ambayo wajasiriamali wa teknolojia hupenda kuyatenganisha: kisichosumbua kutumia na kisichogharimu sana. Waanzilishi wa kampuni wakihubiri urahisi, huishia kwenye maana ya kwanza. Wazo zuri, husema, huelezeka kwa sentensi moja, na bidhaa nzuri haihitaji mafunzo. Swali la mama wa khanga huwa halijaulizwa bado.

Mmarekani Larry Tesler, mwanasayansi wa kompyuta aliyefanya kazi Xerox na Apple, aliliuliza kwa namna yake. Kila mfumo, alisema, una kiasi cha ugumu kisichopunguzika. Ukimwondolea mtumiaji, mtu mwingine ataubeba. Makala haya yanashikilia kwamba kujenga kampuni, au shirika, ni kugawa mzigo huo, na kwamba ugawaji wenyewe huonekana vizuri zaidi mahali ambapo mtandao unakatika na barabara haina jina.

Chukua ramani. Mwaka 2004 Steve Coast, akiwa mwanafunzi London, alianzisha OpenStreetMap kwa sababu takwimu za ramani za Uingereza, mali ya idara ya serikali ya Ordnance Survey, ziliuzwa ghali. Sentensi yake moja ilikuwa hii: kila mtu achore anapopajua, na ramani iwe ya wote. Muundo wake nao ulikuwa mwepesi kupita kiasi: nukta yenye latitudo na longitudo, mstari unaounganisha nukta, uhusiano wa kuviweka vitu katika kundi, na lebo ya maneno. Hapakuwa na kamati ya kuidhinisha kwanza orodha ya aina zote za barabara duniani. Mchoraji aliandika lebo aliyoona inafaa.

Kwa mtaalamu aliyezoea orodha zilizopigwa muhuri, huo ulikuwa mwaliko wa vurugu, na vurugu zilikuja kweli. Lebo zilizozaliwa Uingereza zilifikiria lami. Barabara kuu ya vumbi inayounganisha makao makuu ya wilaya mbili ingeitwaje? Wachora ramani wa Afrika ilibidi wakubaliane wenyewe mwongozo wa kupima barabara kwa umuhimu wake, si kwa kilichotandazwa juu yake. Ugumu ambao Coast hakuubeba mwanzoni ulibebwa na wao. Mwaka 2007 alishiriki kuanzisha kampuni ya CloudMade ili kuuza huduma zilizojengwa juu ya takwimu hizo. Kampuni ikaja kubadili biashara, ramani ikaendelea kukua.

Wilayani Serengeti, mkoani Mara, ramani hiyo ilikuwa karibu tupu hadi Janet Chapman alipoanzisha mradi wa kuchora ramani wa Crowd2Map Tanzania mwaka 2015. Haja yake haikuwa ya watalii wanaoelekea hifadhini, bali ya mabinti wanaokimbia ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Mara wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Tangu 1998 sheria inamtia hatiani anayemkeketa, au kusababisha akeketwe, binti wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake, kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15. Lakini sheria haina miguu. Miongoni mwa Wakurya wa mkoa huo msimu wa kukeketa huangukia likizo ya Desemba, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na binti anayekimbia hukimbia usiku. Wanaompokea ni vituo kama kile cha Masanga wilayani Tarime, na nyumba salama ya Mugumu inayoendeshwa na Hope for Girls and Women, shirika la Rhobi Samwelly.

Maelekezo ya kijijini yana ufasaha wake: pita shule, shuka bondeni, vuka kijito, ukiona miti mitatu uliza. Yanamtosha jirani. Hayamtoshi askari wa dawati la jinsia aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine, aliye ndani ya gari lenye mafuta ya kubahatisha, saa nane ya usiku, bila mtu wa kuulizwa penye ile miti mitatu.

Jibu lililopatikana linaonekana jepesi: programu ya Maps.me, inayohifadhi ramani ya OpenStreetMap ndani ya simu na kufanya kazi bila bando wala mnara. Mtumiaji anagusa, anafuata mstari. Nyuma ya mguso huo wako maelfu ya watu wa kujitolea wa mabara mbalimbali waliokodolea macho picha za setelaiti, wakitenganisha paa la nyasi na kichuguu, njia ya ng'ombe na njia ya gari. Tena setelaiti haisomi majina. Kwamba kilima hiki kinaitwa hivi na kitongoji kile kinaishia kwenye kisima, hilo alilijua mwanakijiji, na ilibidi mwanakijiji mwenye simu janja afundishwe kuliandika.

Hapo kanuni ya "ramani ni ya wote" inakutana na mpaka wake. Ramani iliyo wazi kwa polisi iko wazi pia kwa baba anayemsaka binti. Shule na zahanati zinafaa kuonekana na kila mtu. Taarifa ya binti aliye hatarini inahitaji njia nyingine, yenye watu wachache wanaoaminika. Sentensi moja haitoshi tena, na mjasiriamali anayeing'ang'ania kwa sababu ni nzuri masikioni atakuwa amechagua uzuri wa wazo badala ya usalama wa mtu.

Huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa ilipita njia hiyohiyo kibiashara. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walianza majaribio Kenya mwaka 2005 wakilenga marejesho ya mikopo midogo. Watu wakaigeuza kuwa njia ya kutumiana pesa, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa wazo hilo lililopogolewa na wateja wenyewe. Tanzania iliipata 2008. Mtumaji anabonyeza namba chache kwenye kitochi. Anayebeba uzito ni wakala: pale Sirari, mpakani, ndiye anayepaswa kuwa na floti wakati mteja anaweka na pesa taslimu wakati mteja anatoa, na noti bandia ikipita, hasara ni yake.

Itajibiwa kwamba ndivyo kampuni inavyofanya kazi, na wakala analipwa kamisheni. Hoja hiyo ina nguvu, na ndiyo inayofichua udhaifu wa upande wa ramani: hakuna kamisheni kwa anayesahihisha jina la kitongoji kwenye OpenStreetMap. Kujitolea kulitosha kuanzisha. Kutunza ni kazi ya kila msimu, na kazi ya kila msimu isiyo na malipo huwaangukia walewale wenye nafasi finyu ya kuifanya.

Mto Mara unazitenganisha wilaya za Tarime na Serengeti. Masika maji yakipanda, mstari uliochorwa kiangazi hubaki palepale kwenye simu, mnyoofu, ukimwelekeza dereva kwenye kivuko kilichofunikwa na maji. Kuurekebisha huchukua dakika mbili kwa mtu aliyesimama ukingoni mwenye chaji.