Ubingwa Usiofika Rumonge

Mwenye kuiandika tarikhi ya kandanda katika mwambao wa Burundi, tangu Kizuka na Rumonge hata Nyanza-Lac, hukabiliwa na jambo la kustaajabisha, nalo ni kwamba watu hawa, ambao tangu zama za biashara ya Ujiji wamezoea kuvuka Ziwa Tanganyika na kusema Kiswahili, na ambao kwa mpira hawana simile, hawajapata kuuona ubingwa wa nchi ukikaa kwao hata msimu mmoja. Kwa hiyo matumaini yao wameyaweka amana kwa timu za wengine, aghalabu Vital'O ya Bujumbura, iliyo mbali na mji wa Rumonge kwa kilomita 70 na ushei.

Si kwamba mwambao umekosa vijana wenye nguvu. Kazi za huku ni mawese na dagaa, na mvuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, nyavu huanikwa, na kijana hupata wasaa wa kucheza. Walakini ligi haifuati mwandamo wa mwezi, hufuata fedha, nazo fedha na viwanja vilikuwa Bujumbura. Juu ya hayo likaja jambo zito zaidi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa, na dola ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima; waliosalimika katika mwambao wakavuka kwenda Kigoma, mashamba yao ya michikichi yakatwaliwa, na wengi wa watoto wao wakakulia katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Sioni haja ya kutafuta sababu kwingine: timu ya kijiji hujengwa na ndugu na majirani waliokaa pamoja kizazi baada ya kizazi, na hapa vizazi vilikatwa.

Mwaka 1992 ndio uliokaribia kuwafuta machozi. Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, daraja ambayo hakuna klabu nyingine ya Burundi iliyoifikia, ikatoka sare ya 1-1 na Africa Sports mjini Bujumbura, kisha ikafungwa 4-0 huko Abidjan. Tarehe 21 Oktoba 1993, kabla ya kidonda hicho kupoa, Rais Melchior Ndadaye akauawa, vita vikaanza, na habari za vikombe zikawa si habari tena. Faraja nyingine ingeweza kuwa Shabani Nonda, mzaliwa wa Bujumbura, aliyepitia Yanga ya Dar es Salaam hata akaibukia Monaco, na mnamo 2004 akaingia uwanjani katika fainali ya klabu bingwa za Ulaya. Lakini jezi ya taifa aliyoivaa ilikuwa ya Kongo.

Kombe lenyewe lilikuja 2013, tena kutoka pembe isiyotazamiwa. Mashindano ya Kagame, ya klabu za Afrika Mashariki na Kati, yalipangwa Darfur na Kordofani ya Kusini nchini Sudan, Serikali ya Tanzania ikazizuia Yanga, waliokuwa mabingwa watetezi, na Simba kwenda huko kwa kuhofia usalama wao, ilhali Vital'O ikaenda, ikaifunga APR 2-0 katika fainali. Na hivyo kombe lenye jina la Rais wa Rwanda likachukuliwa na Warundi mbele ya timu ya jeshi la Rwanda.

Yanga walilipiza, kama ni kulipiza, Agosti 2024, walipoifunga Vital'O 4-0 na 6-0, mechi zote mbili zikichezwa Dar es Salaam, hata ile ambayo Warundi walihesabiwa kuwa wenyeji. Wakati huo ubingwa wa nchi ulikwisha anza kutoka Bujumbura kwenda mikoani, na mwaka 2019 uliangukia Aigle Noir ya Makamba, majirani wa kusini. Halafu mkoa wa Rumonge, uliozaliwa 2015, ukafutwa 2025 mikoa 18 ilipofanywa mitano, na Rumonge na Makamba zikatiwa pamoja katika Burunga. Basi kwa hesabu ya makaratasi mtu wa Kizuka anaweza kudai kwamba mkoa wake umekwisha kutoa bingwa. Nadhani hatadai. Atangojea timu ambayo mazoezi yake anaweza kwenda kuyatazama kwa miguu.