Damu, Makasha na Kasumba

Ndugu zangu wa nasaba,

Mpwa wangu, anunuaye suruali za jinzi huko Xintang, pembezoni mwa jiji la Guangzhou, ameniletea swali zito. Anaposa, wajomba zake wawili, ndugu zangu wa tumbo moja, walinaswa na unga, na wazee wa binti wamekwisha kusikia. Je, maradhi haya yamo katika damu yetu?

Swali limetoka mahali penye jawabu. Ukiteremka na mto kutoka Xintang hutokosa kufika Humen, ambako mwezi wa Juni 1839 Lin Zexu, mjumbe wa mfalme wa China, aliteketeza makasha zaidi ya 20,000 ya afyuni ya wafanyabiashara wa Kiingereza. Aliichanganya na maji, chumvi na chokaa mashimoni, kisha akaiachia ichukuliwe na bahari. Mwanzoni mwa karne ile yaliingia makasha yapatayo 4,000 kwa mwaka. Kabla ya tukio hilo yalikaribia 40,000. Damu ya watu wa Guangdong haikugeuka kwa miaka arubaini. Iliyogeuka ni shehena. Na baada ya 1949, serikali mpya ilipofyeka mashamba na kukomesha biashara, uraibu ulididimia kwa miaka michache, ilhali watu ni wale wale.

Hata hivyo damu ina neno lake. Wataalamu waliolinganisha pacha wa yai moja na wa mayai mawili hukadiria kuwa takriban nusu ya tofauti baina ya watu, katika kunaswa na afyuni na jamii yake, hutokana na urithi. Hiyo ni tofauti katika umma wa watu, si nusu ya ajali ya mtu mmoja. Jeni zihusikazo ni nyingi, kila moja ina athari ndogo. Hata ile mashuhuri ya OPRM1, itengenezayo kipokezi cha dawa hizo ubongoni, tafiti zake zagongana. Babu zetu walikuwa na damu hii hii, ila heroini haikuwafikia.

(Kasumba, jina la kale la afyuni, leo kwetu ni fikra mbovu zilizoganda. Kauli ya “ukoo wa wala unga” nami naihesabu humo.)

Nimemjibu awaeleze wakwe ukweli wote. Kaka yangu mkubwa hakuishi. Wa pili yuko Dar es Salaam, hunywa methadoni kila asubuhi, tiba iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Baadhi yenu mlitaka niwaache nje ya shajara. Nimewaandika wote wawili, kwa majina kamili, miaka yao na kazi zao: mmoja fundi saa, mwingine nahodha.