Sri Sarada Math: Wanawake Watawa wa Kihindu
Vitabu vya kale vya sheria ya Kihindu vilieleza sanyasa, yaani kuacha mali, ndoa na ukoo ili kutafuta ukombozi wa roho, vikimfikiria zaidi mwanamume, huku ibada ya mke ikihesabiwa kuwa kumtumikia mumewe. Kinyume na mtazamo huo, Sri Sarada Math, nyumba ya watawa wanawake iliyoko Dakshineswar, karibu na Kolkata, ilianzishwa mwaka 1954 chini ya uangalizi wa watawa wanaume wa Ramakrishna Math, lakini mwaka 1959 ikajitegemea, kama Swami Vivekananda, mwanzilishi wa Ramakrishna Math, alivyotaka tangu karne ya 19. Watawa wake, waitwao pravrajika, huvaa gerua, rangi ya machungwa ya watawa, kama wanaume. Hata hivyo, lililo zito kuliko vazi ni kwamba wanawake wenyewe ndio wanaowapokea na kuwaweka wakfu wenzao.