Nani Alijenga Ukumbusho wa Rugerero?

Swali lenyewe lilianzia darasani. Tulikuwa tukijadili sanaa nchini Rwanda baada ya mwaka 1994, na mwenzangu mmoja anayetoka Huye akaniuliza mimi, mtoto wa Rugerero: ule ukumbusho wenu wenye vigae vya rangi, nani aliujenga? Nikajibu bila kufikiri, "Lily Yeh, msanii kutoka Marekani." Ndivyo nilivyosoma. Mwisho wa wiki nilipofika nyumbani nikamsimulia mama mkubwa mjadala ule. Akaacha kuchambua maharage, akaninyoshea viganja vyake.

"Na hii mikono, mwanangu, ilikuwa wapi?"

Insha hii ni jaribio langu la kumjibu.

Nianze na yaliyo wazi. Lily Yeh alizaliwa China mwaka 1941, akakulia Taiwan, akaenda Marekani mwaka 1963 kusomea uchoraji. Mwaka 1986 alianza kugeuza kiwanja kilichoachwa ukiwa katika mtaa wa maskini, kaskazini mwa Philadelphia, kuwa bustani ya sanaa. Watoto ndio waliomjia kwanza. Wazazi wao walifuata baadaye. Miongoni mwa waliojiunga naye alikuwamo James Maxton, aliyeitwa Big Man, mtu aliyekuwa ametekwa na dawa za kulevya. Maxton alijifunza kupanga vigae hadi akawa fundi na mwalimu wa wengine. Kwangu mimi, kisa cha Maxton kinaeleza mbinu ya Yeh kuliko nadharia yoyote: mwenyeji hupewa kifaa, na kazi yenyewe humfundisha. Mwaka 2003 Yeh alianzisha Barefoot Artists, yaani wasanii pekupeku, kwa kukumbuka madaktari pekupeku waliohudumia vijiji vya China. Mwaka uliofuata alifika kwetu.

Alikuta mambo mawili. La kwanza ni kaburi la pamoja la waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kaburi ambalo lilikuwa halijapata sura ya heshima. La pili ni kijiji cha manusura, nyumba zinazofanana, za rangi ya kijivu, ambamo wajane na mayatima walikuwa wengi. Wakazi walifundishwa kukata na kupanga vigae. Watoto walichora kwenye karatasi, na baadhi ya michoro yao ikahamishiwa kwenye kuta za nyumba. Kulikuwa pia na mafunzo ya kushona, kilimo cha alizeti na mikopo midogo. Ukumbusho ulizinduliwa Aprili 2007.

Mama mkubwa hazungumzii sana rangi. Anazungumzia kukaa. Kabla ya kazi ile, anasema, wajane wa mtaa wake walikutana kwenye misiba na kwenye foleni ya maji tu. Sasa walikuwa na sababu ya kukaa mahali pamoja asubuhi nzima, nyundo mkononi, na mtu akilia hakuna aliyemwambia anyamaze. "Tulivunja vigae," ananiambia, "na hakuna aliyetugombeza kwa kuvunja." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mhadhiri wangu aliposoma rasimu ya kwanza aliandika pembeni: je, hii ni historia ya ukombozi wa wanawake? Ni swali la haki, kwa sababu mradi wa Rugerero haukujiita hivyo. Kwa hiyo nikatafuta mfano wa kulinganisha, nikaupata kwao yule mwenzangu.

Mwaka huo huo wa 2004, mjini Butare, ambao leo tunauita Huye, Odile Gakire Katese alianzisha kikundi cha wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya. Katese alizaliwa uhamishoni Kongo, na wakati huo alikuwa akifanya kazi katika kituo cha sanaa na maigizo cha Chuo Kikuu cha Taifa. Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani jina hilo ni "ngoma mpya" na kuishia hapo. Lakini katika Kinyarwanda neno ingoma lina maana ya pili: utawala. Ngoma kuu, Kalinga, ndiyo iliyokuwa alama ya ufalme hadi ufalme ulipofutwa mwaka 1961, na mwanamke hakuruhusiwa kupiga ngoma. Hata baada ya mfalme kuondoka, mwiko ulibaki. Watu walisema ngoma ni nzito mno kwa mwanamke (watu hao hao walimwona akibeba gunia la viazi kichwani na mtoto mgongoni).

Kwa ndugu zetu wa Zanzibar jambo hili huenda likashangaza. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alipiga ngoma za unyago maisha yake yote, na hakuna aliyemwambia ngoma ni ya wanaume. Mwiko wetu, basi, haukutokana na umbile la mwanamke. Ulitokana na siasa: aliyeshika ngoma alishika nchi.

Walioingia Ingoma Nshya walikuwa wajane na mayatima wa mauaji, na pia wanawake ambao ndugu zao walikuwa miongoni mwa wauaji. Walipiga ngoma bega kwa bega. Mwaka 2010 wakafungua duka la aiskrimu, Inzozi Nziza, yaani ndoto nzuri. Wapo wanaoona aiskrimu ni jambo dogo kuingia katika insha ya historia. Mimi naona ndiyo sehemu ngumu kuliko ngoma, maana huko kulihitajika hesabu, zamu za kazi na mshahara.

Nchi nayo ilikuwa ikibadilika. Sheria ya mwaka 1999 ilimpa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake, na katiba ya 2003 iliwatengea wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi katika vyombo vya maamuzi. Ila sheria haimfundishi mtu kukaa karibu na jirani anayemwogopa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na jibu langu la darasani. Yeh hakudanganya mtu, na bila yeye kazi isingeanza. Kosa ni letu, wanafunzi wa historia. Tunapenda jina moja kwa sababu jina moja linaingia vizuri katika sentensi. Huko Huye mpiga ngoma yuko jukwaani, mwili wake wenyewe ni ushahidi. Fundi wa vigae akimaliza kazi, ukuta unabaki na yeye anarudi shambani.

Aprili iliyopita, wakati wa Kwibuka, nilimsindikiza mama mkubwa pale ukumbusho. Watu walipopungua alinivuta mkono hadi kwenye kona ya ukuta, akanionyesha mstari wa vigae uliopinda kidogo kuelekea chini.

"Hapa," alisema, "nilikuwa bado najifunza."