Mumbi alikuwa mfinyanzi, sisi tumebaki na sufuria

Kila mtoto wa Nyeri anajua hadithi ya Gikuyu na Mumbi. Lakini ni wangapi wamewahi kulitazama hilo jina la pili? Mumbi ni yule anayeumba, na kwa Kikuyu kitenzi hicho hicho ndicho cha kufinyanga chungu. Yaani mama wa kabila zima ni mfinyanzi. Sasa ingia jikoni kwenu uniambie kuna vyungu vingapi.

Na hii si hadithi tu. Gatung'ang'a, hapa hapa Nyeri, wanaakiolojia walichimba wakapata vigae vya Enzi ya Chuma, vya karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Jomo Kenyatta naye, kwenye Facing Mount Kenya ya 1938, anaandika kwamba ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Gurudumu halikuwepo. Mama alichimba udongo, akaukanda, akainua chungu kwa mikono, akakianika, kisha kikachomwa nje kwa kuni.

Halafu sufuria ikaja. Ni nyepesi, haivunjiki, unainunua dukani. Siwalaumu cucu zetu hata kidogo; nani angependa kupanda mlima na nyungu ya maji mgongoni? Shida ni kwamba tuliacha chungu tukaacha na ufundi wenyewe, kana kwamba ulikuwa ushamba.

Sasa mwangalie Magdalene Odundo, Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alienda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa, na mwaka 1974 akasafiri hadi Abuja, Nigeria, akajifunza kwa wafinyanzi wa Kigwari, akiwemo Ladi Kwali. Baadaye akaenda New Mexico kuona kazi ya wafinyanzi wa Pueblo. Hadi leo anajenga kwa mkono, bila gurudumu. Anasugua udongo mpaka ung'ae kama ngozi. Kikichomwa penye hewa ya kutosha, chungu kinatoka chekundu. Hewa ikibanwa, kinakuwa cheusi. Kina shingo, kina tumbo, ni kama mwanamke amesimama mbele yako. Kazi yake iko British Museum, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame.

Na huyo Ladi Kwali? Alifundishwa na shangazi yake kijijini. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa udaktari wa heshima, na leo yuko kwenye noti ya naira 20. Nigeria imemweka mfinyanzi kwenye pesa, jamani! Sisi tunaimba Mumbi kwenye harusi, na mama anayeuza vyungu kando ya barabara tunabishana naye juu ya shilingi 50.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo mtasema najitetea. Sawa. Lakini elimu hii haikuwahi kuwa na cheti. Ilikaa mikononi mwa wanawake, na kila tukizika cucu mmoja tunazika na somo.

Kwa hivyo wikendi hii, ukifika Karatina, Othaya au Mukurwe-ini, muulize cucu mambo matatu: udongo ulichimbwa wapi, ulichanganywa na nini, na nani alikuwa fundi wa kijiji. Mrekodi akiongea. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na huu wetu unakauka.