Muda wa Ujumbe wa Kuibuka, Kakamega
M-Pesa ilipoanza Machi 2007, muuzaji wa soko la Kakamega alipata uthibitisho wa malipo kwa SMS, iliyokaa simuni hadi mwenyewe aifute. Android ilileta desturi nyingine. Tangu toleo la kwanza la 2008, ujumbe wake mdogo wa kuibuka una vipimo viwili tu, kifupi na kirefu, yaani takriban sekunde 2 na 3.5. Mtunzi wa programu huchagua kimojawapo. Hawezi kutaja sekunde atakazo. Kwa mtu anayehesabu chenji, hata hicho kirefu ni kifupi mno. Android 10, mwaka 2019, ilimpa mtumiaji usemi: mipangilio ya ufikivu huruhusu ujumbe wa muda kurefushwa hadi dakika 2.